Mwenye Chombo

Rumonge, Jumanne 8 Mei 1962

Mimi ni Mwanvua, mjane wa Feruzi, mama yake Esha, bibi wa wajukuu wasiojua kupiga hodi. Daftari hili nimepewa na Mamzeli Esperance, mwalimu wa darasa la akina mama pale fwaye, kituo cha mafunzo ya wanawake. Amesema kila mmoja wetu aandike kila siku, hata mstari mmoja, na kila Jumamosi atayakusanya ayapitie na kalamu nyekundu. Haya, Mamzeli, utasoma. Lakini ukikuta nimekusema vibaya usifute. Herufi rekebisha, maneno ni yangu.

Nilianza kusoma mwezi wa kwanza. Watu walicheka, mwanamke mwenye mvi anabeba kibao kama mutoto. Waliocheka mpaka leo wanaweka dole gumba kwenye wino. Mimi naandika.

Mvua zinaaga. Ng'ambo ya ziwa inaonekana yote, milima ya Kongo mpaka mikunjo yake. Kule ndiko nilikozaliwa, Baraka.

Jumatano 9 Mei

Nimekaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa mawese. Nimechoka. Basi.

Ijumaa 11 Mei

Leo nataka kuandika habari ya mji. Nimekaa Rumonge tangu nilipokuwa na meno yote, nikadhani naujua. Kumbe nilikuwa napita tu kama mbuzi. Sasa nikienda darasani nasoma kila kitu njiani, na nachelewa, na Mamzeli ananung'unika. Anung'unike. Alinifundisha nani kusoma?

Juu ya mlango wa Fundi Idi, yule mshona nguo, kuna maneno meupe. Miaka yote nilidhani ni jina lake. Leo nimeyasoma: NIMEKWENDA KUSALI. Na yeye yuko ndani, mguu kwenye cherehani, anakula karanga.

Nikamwambia, "Fundi, mbona mlango unasema umekwenda kusali?"

"Mlango unasema hivyo tangu zamani, Mama Esha."

"Na wewe unasali saa ngapi?"

"Mutu akija kwa hasira kudai suruali yake, akisoma pale anaona haya kunitukana. Anarudi kesho, amepoa."

Mwongo yule. Lakini nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Mitumbwi nayo! Yote ina majina na mimi sikujua. Mmoja unaitwa NITARUDI. Mwenyewe akaniambia mke wake alimuuliza kila jioni, utarudi? utarudi? akachoka, akaandika mara moja ikaisha. Mwingine SINA HABARI. Mwingine ULIZA MAMA. Na mmoja jina lake liko miguu juu, kichwa chini: USIKU MWEMA. Waliuandika siku umepinduliwa kuzibwa matundu, walipougeuza maneno yakapinduka. Mwenyewe hana wasiwasi, anasema wanaosoma ni samaki, na samaki wako chini.

Wa kwetu tu ndio hauna jina. Watu wanasema "ule wa Feruzi", basi.

Jumamosi 12 Mei

Nyuma ya hangari tunamosomea kuna kiboko anayetoka mtoni kula majani. Wanamwita Inspekta, kwa sababu anakuja shuleni bila taarifa. Leo amekuja. Tumekaa kimya darasa zima, hata Mwavita, na huyo Mwavita hajakaa kimya tangu azaliwe.

Jumatano 16 Mei

Idi Kubwa imepita salama. Amissi alikuja kutoka Kizuka, mdogo wake marehemu Feruzi. Alileta bidoni ya mawese, akala, akasifu wali, nikajua ana jambo. Mutu wa Kizuka hasifu wali bure.

"Shemeji," akasema, "mwaka umepita tangu kaka afariki. Eda ulikaa, ukamaliza. Urithi bado haujagawanywa."

"Nani amekukataza?"

"Hakuna. Nimezungumza na Mwalimu Hadji, atakuja kutugawia kwa sheria. Kiwanja, nyavu, mtumbwi."

"Mtumbwi utaugawanyaje? Wewe utachukua mbele, mimi nyuma, Esha akae katikati amwage maji?"

"Utauzwa, shemeji. Kila mmoja apate haki yake."

Nilimwangalia. Ana haki, sisemi hana. Feruzi hakuacha mtoto wa kiume, aliacha Esha tu, na Esha ameolewa Usumbura. Ndugu anarithi, ndiyo dini. Lakini mtumbwi ule ndio unaonilisha. Abasi na wenzake wanakwenda nao ziwani, wanaleta ndagala, tunagawana. Ukiuzwa, mimi nitakaa mlangoni kwa mkwe wangu Usumbura nikisubiri kuambiwa chakula kimeiva. Mimi!

Nikamwambia, "Mwite Hadji. Na bidoni yako umeijaza nusu."

Alipotoka sikumsindikiza.

Jumamosi 19 Mei

Nimerudishiwa daftari. Nyekundu kila mahali, kama mtu amechinjia kuku juu yake. Mamzeli anasema nachanganya L na R. Nimemwambia sichanganyi, ni sauti moja, ina nguo mbili.

Jumanne 22 Mei

Leo darasani tumegombana vizuri.

Mamzeli aliandika kwenye tablo KULA na KURA. Akasema moja ni chakula, nyingine ni ile ya mwaka jana, tulipotumbukiza karatasi. Akamwita Mwavita asome. Mwavita akasoma zote mbili sawasawa. Nikamwambia arudie. Akarudia, sawasawa. Nikaitwa mimi. Nikasoma. Wote wakacheka, eti na mimi nimesoma sawasawa!

Mamzeli naye anatoka kule Bukavu. Akasema, "Sikilizeni, kula. Kura." Nikatega sikio. Haki ya Mungu hata yeye alisema kitu kimoja. Akaona haya, akasema, "Midomo yetu ya huku haichagui. Lakini mukiandika lazima muchague."

Halafu akasema kila mmoja alete neno lake tuliandike. Mwavita, kwa vile anapenda kujisifu, akaleta mahari. Mamzeli akaandika MAHARI, herufi kubwa. Tukaliandika mpaka chaki zikaisha. Na kila mmoja akaanza kutaja yake. Mwavita alitolewa ng'ombe, na baiskeli juu yake. Sijamwona akipanda baiskeli hata siku moja.

"Na wewe, Mama Esha?"

Nikasema ukweli. Mimi sijui. Siku ile nilikuwa ndani nimepakwa hina miguuni, nimefunikwa kama ugali. Wanaume walikuwa nje kwenye mkeka na baba yangu. Baadaye shangazi akaingia akasema, mahari imetoka, lia. Nikalia. Hakuna aliyeniambia ni nini na mimi sikuuliza.

Mwavita akasema, "Basi labda ilikuwa kuku."

Nikamwambia hata ikiwa kuku, alitoka kwa mwanaume aliyejua kutafuta.

Ijumaa 25 Mei

Upepo. Vumbi. Ng'ambo inaanza kufifia.

Jumatatu 28 Mei

Watu wa komini, serikali ya hapa mjini, walipita mwaloni, ufukoni kwenye mitumbwi, na tarumbeta ya bati. Siku ya Uhuru, tarehe moja ya mwezi wa saba, mitumbwi yote itapangwa mstari mmoja mbele ya wageni. Isafishwe, ipakwe rangi, na kila mmoja uwe na jina, maana yatasomwa kwa sauti. Usio na jina utakaa nyuma ya matete.

Sokoni mwanamke mmoja muuza mihogo akaniambia, akicheka, "Uhuru ukija nyinyi Wakongomani si mutarudi kwenu?"

"Kwetu wapi?"

"Kule," akaonyesha ziwa.

Kule hakuonekani siku hizi, ni moshi wa kiangazi mtupu. Nikamwambia nimemzika mume hapa, nimezaa hapa, na mihogo yake ina uchungu. Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani, likaingia nami ndani.

Jumanne 5 Juni

Nimeamua. Mtumbwi nitauandika jina mimi, kwa mkono wangu. Kama lazima uuzwe, uende na mwandiko wangu, na atakayeununua ajue umetoka kwa nani. Nimetangaza darasani. Makofi yalipigwa. Katika darasa letu hakuna aliyewahi kuandika kitu nje ya hangari.

"Jina gani?" Mamzeli akauliza.

"Mahali yetu."

Nikamweleza. Wanaouliza kwetu wapi, waone. Kwetu ni mtumbwi ule. Ndio ulionivusha kutoka Baraka, ndio unaonilisha.

Mamzeli uwalimu ukampanda. "Ni zuri sana, Mama Esha. Lakini Kiswahili safi ni mahali petu."

"Nani anasema petu?"

"Sarufi."

"Huyo anakaa wapi? Hapa Rumonge tunasema yetu. Nyumba yetu, mama yetu, mahali yetu."

"Mama, mbele ya wageni..."

"Wageni watasoma tunavyosema. Wakitaka petu wakatafute mtumbwi wa Sarufi."

Mwavita alicheka mpaka kitenge kikafunguka. Mamzeli akakaa. Mtoto mzuri yule, lakini anadhani lugha ilizaliwa kitabuni. (Soma, Mamzeli. Soma yote.)

Jumapili 10 Juni

Hakuna jambo. Nimefua.

Alhamisi 14 Juni

Amissi ameleta habari kwa mtu wa baiskeli. Hadji atakuja Jumatano, mwezi ukiwa mkubwa, maana mwezi ukiwaka ndagala hawafuati taa, wavuvi wanapumzika na vyombo vyote viko nchi kavu. Mnunuzi ameshapatikana, ni wa Gatete. Ana haraka huyo Amissi! Ningemtafutia jina la mtumbwi yeye mwenyewe, lakini Mamzeli angelifuta.

Jumatatu 18 Juni

Tumeuvuta mtumbwi mchangani. Abasi na wenzake walikuwa wanakwangua magamba na mimi nawaelekeza. Abasi ni mvuvi hodari lakini hana adabu. Jioni anachukua makasia, anaondoka, hata kwaheri hasemi, kama anatoka kwenye nyumba ya wageni.

Feruzi hakuwa hivyo. Feruzi kila jioni, mvua au jua, alisimama mlangoni, karabai mkononi, akasema, "Mwenye chombo, naomba ruhusa." Mimi nikiwa jikoni, moshi machoni, nilidhani ananidhihaki. Nilimjibu, "Nenda, na ukirudi bila ndagala usipite mlango huu." Akacheka, akaenda. Kila jioni hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa mizaha.

Nimeing'arisha pete ya chuma ya mbele, ile ya kufungia kamba. Mbao za mtumbwi huu zimebadilishwa zote, moja moja, kwa miaka. Kilichobaki cha zamani ni mti wa chini, mvule, na pete hiyo. Abasi aliwahi kuleta pete mpya, Feruzi akamfokea: "Mbao badilisha, pete hapana." Hakusema kwa nini.

Jumanne 19 Juni

NIMEANDIKA!

Mamzeli amekwenda Usumbura kutafuta chaki. Sikumngoja. Fundi Idi alinipa rangi nyeupe iliyobaki kwenye mlango wake. Mtumbwi ulisimama wima, sikuupindua, mimi si kama wale wa USIKU MWEMA. Nilichora kwanza kwa mkaa, nikarudi nyuma nikaangalia, nikaja nikapaka. Neno la kwanza lilinitoka bila kufikiri, mkono ulikuwa unalijua, nadhani kwa sababu ya kuandika sana darasani. Watu waliopita walisimama. Hakuna aliyesema kitu, maana waliopita hawajui kusoma. Walisema tu, "Eh, Mama Esha." Nikasema, "Eh."

Mikono ina rangi mpaka kwenye viwiko na sitaki kuinawa.

Feruzi angeona.

Jumatano 20 Juni

Nitaandika yote, hata kalamu iishe.

Asubuhi nilivaa kitenge changu cha sikukuu, nikaenda mwaloni mapema, ili Hadji anikute nimesimama na chombo changu. Nikiwa mbali nikasikia vicheko. Mwavita alikuwa ameshafika, na nusu ya darasa nyuma yake. Ananyoosha kidole, anasoma kwa sauti kama muuza dawa:

"Ma-ha-ri. Ye-tu. Mahari yetu! Jamani, Mama Esha anaolewa tena!"

"Acha ujinga," nikasema. "Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Wewe ndiye uliyeandika vibaya. Ile ni R, Mama Esha. R kama ya kura."

Nikaiangalia. Ilikuwa R. Imetoa mguu wake mbele kama askari. Kumbe mkono wangu ulikumbuka lile neno la Mwavita, lile tuliloliandika mpaka chaki zikaisha, ukaliweka pale kwa rangi nyeupe ya mafuta, isiyofutika. Nimetangaza darasani, nimemshinda mwalimu, nimepigiwa makofi, halafu nimeandika mahari kwenye mtumbwi wa mume aliyekufa, siku unapouzwa.

Wavuvi wakaanza: "Bibi arusi! Nani mwenye bahati?" Abasi naye anacheka, mdomo wazi. Sikuinama. Mgongo wangu haujui. Lakini masikio yaliwaka moto.

Na hapo hapo akaja Hadji. Amekaa nyuma ya baiskeli, mwavuli juu, Amissi anamsukuma na jasho linamtoka. Mzee yule macho yamefunga utando, haoni ila mwanga, na nyumbani kwake hatoki tangu zamani ila kwa mazishi. Ndiye aliyetufungia ndoa mimi na Feruzi, kule Baraka, akiwa kijana mwenye ndevu nyeusi.

"Wanacheka nini?" akauliza.

Mwavita akajificha nyuma ya wenzake.

"Nimeuliza, wanacheka nini?"

Fundi Idi akasema, "Jina la mtumbwi, Mwalimu. Imeandikwa Mahari Yetu."

"Mtumbwi gani?"

"Huu tulioujia," akasema Amissi. "Wa marehemu."

Hadji akafunga mwavuli. Halafu akasema, "Nishusheni."

Akashushwa. Akaweka mkono kwenye ubao, akaanza kutembea, anapapasa kutoka nyuma kwenda mbele, polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Akafika mbele. Akaipata pete. Akaishika, akaizungusha, akapitisha kidole ndani yake.

"Hii pete," akasema, "ilikuwa jembe."

Nani alijua?

"Ilikuwa jembe la baba yake huyu mwanamke, likafuliwa likawa pete. Nani ameandika neno hili?"

"Mimi," nikasema.

"Nani alikuambia? Siku ile kwenye mkeka tulikuwa wanaume watupu. Wewe ulikuwa ndani."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema, Mwalimu, ni kosa, nilitaka L. Nikamwona Mwavita ananiangalia, macho kama sahani. Nikaufunga mdomo. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Hadji akamgeukia Amissi, au mahali alipodhani Amissi yuko, maana alimkabili Abasi.

"Uliniambia mtumbwi wa kaka yako. Nikadhani ni mwingine, alionunua baadaye. Ule wa Baraka nilidhani umeoza zamani. Kumbe ni huu! Wewe unaniita mimi, kwenye uzee huu, nigawanye mahari ya mke katika urithi wa mume?"

"Mahari?" Amissi akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kaka yako alikuja kuoa hana kitu. Mbuzi hana, kitambaa hana. Baba yake huyu akamwambia, una mikono? Akasema ninayo. Akamwambia basi nitengenezee chombo, ndiyo mahari ya binti yangu. Akachonga, akapigilia, msimu mzima. Siku ya ndoa wakaleta kamba iliyofungwa kwenye pete hii, mimi mwenyewe nikaishika, nikaiweka mkononi mwa mzee. Na yule mzee, alikuwa na maneno sana..."

"Alikuwa nayo," nikasema.

"...akasimama akasema, nyote mshuhudie. Samaki mtakula wote, lakini kuanzia leo mwenye chombo ni binti yangu. Huyu bwana akitaka kwenda ziwani, aombe ruhusa. Tukacheka! Tulicheka mpaka Feruzi naye akacheka. Akasema, nitaomba."

Nikashika ubao wa mtumbwi. Watu walidhani ni furaha ya kushinda.

Kumbe alikuwa anaomba kweli. Miaka yote ile, mlangoni, karabai mkononi. Alidhani najua. Na mimi nikampa moshi na matusi.

Hadji akasema mali ya mke haiingii katika urithi wa mume, kiwanja na nyavu atazigawa, chombo hakiguswi, na arudishwe nyumbani maana jua kali. Yule mnunuzi wa Gatete hata sikumwona alivyoondoka.

Amissi akanikaribia, anazungusha kofia yake mkononi.

"Shemeji, mimi nilikuwa mutoto siku ile. Sikujua. Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza?"

Akainamisha kichwa. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akakunja suruali, akaweka bega lake kwenye mtumbwi pamoja na akina Abasi, wakausogeza kivulini ili rangi isipasuke. Nilikuwa nimemwita mwizi moyoni tangu Idi Kubwa. Si mwizi. Ni mtu wa haraka tu, na alikuwa hajui, kama mimi.

Alhamisi 21 Juni

Nimemtumia Amissi ndagala wakavu, kapu zima, limejaa mpaka juu. Ajifunze kujaza.

Jumamosi 23 Juni

Mamzeli amerudi. Amekuja mbio mwaloni, hata vumbi la safari hajapangusa.

"Mama Esha! Nimeambiwa. Pole sana. Nimeleta rangi, nitaigeuza ile R iwe L, ni dakika moja."

"Usiiguse."

"Lakini ni kosa."

"Ni kosa, ndiyo. Usiliguse."

Nikamkalisha juu ya kasia, nikamweleza yote. Nimemwambia yeye peke yake kwamba sikuwa najua. Alisikiliza, mkono mdomoni. Halafu nikamwambia, "Na unaona? Ningekusikiliza nikaandika petu, ingekuwa mahari petu. Hadji angesema huyu mama amelewa."

Akacheka mpaka akalia. Akasema kweli, yetu ni sahihi hapo, hata kwa Sarufi.

"Mwambie Sarufi murakoze, asante sana," nikasema.

Jumatano 27 Juni

Mwavita ameniomba nimwandikie jina mtumbwi wa mume wake. Ameniomba! Nimesema nitafikiri.

Jumapili 1 Julai

Uhuru.

Tangu asubuhi mji mzima uko mwaloni. Drapo mpya imepanda, nyekundu na nyeupe na kijani, na ngoma katikati. Watu walipiga kelele za furaha mpaka Inspekta akarudi mtoni na majani mdomoni. Fundi Idi alivaa kravati. Mlango wake umeandikwa NIMEKWENDA KUSALI na kwa mara ya kwanza kweli hakuwemo.

Mitumbwi ilipangwa mstari mmoja. Bwana wa komini akapita na wageni, anasoma. NITARUDI. SINA HABARI. Kwenye USIKU MWEMA akainamisha shingo mpaka kofia ikaanguka. ULIZA MAMA. Halafu akafika kwa wetu, akasoma, akasita, akasoma tena kimoyomoyo.

"Mahari Yetu," akasema. "Mwenyewe nani?"

Wavuvi wote wakamtazama Abasi, maana ni yeye anayejulikana na chombo kile. Abasi akanitazama mimi.

Nikasimama. "Iko hapa mwenyewe."

"Amahoro, mama," akanisalimu. "Na nani alikuandikia?"

"Mimi. Kwa mkono huu."

Darasa letu lilipiga vigelegele, na Mwavita ndiye aliyepiga kwa nguvu kupita wote, nimemsikia. Yule muuza mihogo alikuwa karibu. Hakuniuliza kwetu wapi.

Mwezi umekufa sasa, ni giza zuri la ndagala, wavuvi hawakutaka kukosa hata kwa Uhuru. Jua lilipokuwa linashuka nilikuwa jikoni, moshi machoni. Nikasikia miguu mlangoni. Alikuwa Abasi, karabai mkononi, na wenzake nyuma. Amevua kofia. Nani alimfundisha? Labda Hadji, labda aibu.

"Mwenye chombo," akasema, "tunaomba ruhusa."

Nilikoroga ugali uliokuwa umeshaiva. Halafu nikampa jibu lile lile, maana sina lingine:

"Nendeni. Na mkirudi bila ndagala msipite mlango huu."

Wakacheka, wakaenda.

Nimetoka nje na daftari. Ng'ambo haionekani, ni moshi mtupu. Taa zimewaka ziwani, moja moja, nyingi, zote zinafanana. Ya kwangu naijua.